Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mizani

Mheshimiwa Mizani,
Getini,
Mlima Kilimanjaro.

YAH: OMBI LA KUKUPANDISHA MLIMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wagumu, wale ambao kwenye karatasi rasmi huitwa wapagazi. Tunakuandikia tukiwa wazima wa afya, ukiacha shingo, kiuno na magoti, ambavyo havijawahi kuombwa maoni katika shughuli hii.

Kwanza tukupongeze. Pale getini hakuna mwenye heshima kama wewe. Wageni hufika na pasi za kusafiria za kila rangi, makampuni hufika na magari yenye tembo waliochorwa ubavuni, lakini wote husimama kimya wakisubiri uamuzi wako. Ukisema kilo 20, ni kilo 20. Ukisema 21, mtu anafungua kiroba, anatoa kabichi na kumpa mwenzake. Mwenzake naye akija kwako anakutwa amezidi, anaipeleka kwa wa tatu. Tumeshuhudia kabichi ikizunguka msafara mzima kama mtoto wa kambo, hakuna anayeweza kuipokea bila kuvunja sheria. Wakati huo, Mheshimiwa, huwa tunajisikia vizuri sana. Mtu aliyekuja na ngata yake na viatu vya kuazima anaona shughuli yote imesimama kwa ajili ya kilo moja iliyotaka kumkalia kichwani. Kwa muda wa dakika moja hivi, kila mgumu ni raia mwenye haki zake zote.

Shida ni dakika ya pili.

Inaonekana hakuna aliyewahi kukueleza kinachotokea ukishamalizana nasi. Wewe umening'inia hapo kwenye ndoano yako, umegeuzia uso barabara, na mlima uko nyuma yako. Hujawahi hata kuiona kona ya kwanza. Basi tukusimulie.

Kwa njia ya Machame, kwa mfano, geti liko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Kambi ya usiku wa kwanza iko karibu na mita 2,835. Kwa hiyo ukitupa ruhusa asubuhi, jioni tunatakiwa tuwe tumepanda zaidi ya mita elfu moja, ndani ya msitu, kwenye njia ambayo mvua ikinyesha hugeuka ngazi ya matope. Msafara wenye wageni kumi unaweza kuwa na watu zaidi ya thelathini wa kuuhudumia, na hapo hakuna anasa yoyote: hema za kulala, hema la kulia chakula, meza, viti vya kukunja, mitungi ya gesi, sufuria, trei za mayai, magodoro, mabegi ya wageni, na chakula cha siku sita au saba. Vyote hivyo hupita mbele yako, nawe huvipima kwa haki. Hatuna malalamiko.

Ila ukishapita msafara, na miti ikishafunga nyuma yetu, kwenye misafara ya baadhi ya makampuni huitishwa kikao cha pili cha upimaji, safari hii kwa kutumia jicho. Huko kuna wenzetu waliopimwa, wakahesabiwa, wakaandikwa, kisha wakaambiwa warudi nyumbani. Walikuja kupanda kwenye hesabu, mlimani hawakuhitajika. Mizigo yao, ambayo ulithibitisha kwa sindano yako mwenyewe kwamba haizidi kilo 20, haina miguu ya kurudi nayo nyumbani. Inagawanywa kwa waliobaki. Kumbukumbu zako zinaendelea kusema kweli: kila mtu alikuwa na kilo 20. Hakuna aliyekudanganya. Wamekuacha tu.

Hapa tunagusa jambo la kisayansi ambalo tungependa ulitolee ufafanuzi. Tumesikia kwamba nguvu ya uvutano wa dunia hupungua kidogo kadiri mtu anavyopanda juu, hata mzigo wa kilo 20 ukipelekwa Kilele cha Uhuru, mita 5,895, mizani ya springi kama wewe ingeusoma pungufu kwa gramu kadhaa. Habari hii ilipotufikia tulifarijika sana. Lakini mgongoni mambo ni kinyume. Inaelekea Kilimanjaro haijapelekewa nakala ya sheria hiyo ya fizikia.

Chukua suala la mvua. Wewe hupima hema likiwa kavu, limekunjwa vizuri kama nguo ya dobi. Sisi hulikunja alfajiri likiwa limelowa, limeganda umande, na chini limeshika udongo. Hema hilo si lile ulilolijua. Limenenepa usiku kucha kwenye mvua, na asubuhi halirudi kwako kupimwa upya. Vivyo hivyo kwa mabegi na magodoro, na kwa koti la mgumu mwenyewe, ambalo likishakunywa maji nalo huwa mzigo.

Kuna maji pia, Mheshimiwa, ambayo hujawahi kukutana nayo kabisa. Kambi ya Barafu, kwenye mita 4,673 au karibu na hapo, haina kijito wala chemchemi. Maji ya mwisho yako kwenye bonde la Karanga, na yote yatakayonywewa, kupikiwa chai na kunawiwa uso huko juu hupandishwa na watu. Ni vivyo hivyo kwa njia ya Marangu, kwenye kibanda cha Kibo. Sasa, lita moja ya maji ni kilo moja, hili hata wewe hulibishi. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, hapo dumu lenyewe halijahesabiwa. Yaani dumu moja tu la maji ya wageni ya kunawa linatosha kumaliza haki zote za binadamu mmoja, na halijawahi kukanyaga getini. Linazaliwa ndani ya hifadhi, linabebwa ndani ya hifadhi na kunywewa ndani ya hifadhi. Kwako wewe halipo duniani.

Choo tunakitaja kwa heshima. Kuna misafara inayopandisha choo cha binafsi, chenye kiti, tangi la dawa na hema lake dogo la kukisitiri. Mmoja wetu hukabidhiwa jukumu hilo kuanzia geti hadi geti, na huwa habadilishani na mtu. Kinapopita kwako huwa ni chombo kisafi kabisa, hata ungeweza kukialika mezani. Hatutaki kuingia kwenye maelezo ya siku ya tatu. Tunauliza tu kama ofisi yako ina utaratibu wa kupima kitu kabla na baada ya kutumika.

Labda utajitetea kwamba kazi ya kupima haiwezi kufanyika huko juu. Tungekubali, kama tusingeona jinsi watu wanavyopima huko juu kila siku. Mgeni hubanwa kidole na kile kidude cha kusoma oksijeni kwenye damu, asubuhi na jioni, na namba zake huandikwa kwenye daftari. Akishuka kidogo, kiongozi wa msafara anakunja uso. Huulizwa amekula vipi, amelala vipi, amekwenda haja mara ngapi. Hatuoni wivu, ugonjwa wa mwinuko unaua. Lakini ugonjwa huo hauulizi mtu amelipa au amelipwa. Iko imani kwamba sisi tumezaliwa na mapafu ya barafu kwa sababu tunatoka Kilimanjaro. Mheshimiwa, Moshi mjini ni chini ya mita 1,000. Mgumu aliyetoka mtaa wa Pasua jana hana siri yoyote na hewa ya mita 4,600. Tofauti ni kwamba yeye ameifikia akiwa na meza kichwani.

Hata takataka zina hadhi. Taka za msafara hupimwa, ili ijulikane kwamba kilichopanda kimeshuka na mlima umebaki safi. Utaratibu huu ni mzuri na tunauunga mkono. Tunaomba tu tufikiriwe kupandishwa hadi daraja la makopo matupu: na sisi tupimwe tukiwa safarini, ijulikane kwamba waliopanda ndio waliopo, na kwamba walichobeba ndicho kilichoandikwa.

Usiseme kwamba mambo haya ya wagumu kusahauliwa ni ya zamani na watu hawakujua. Ni ya zamani, lakini watu walijua. Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alijaribu kufika kileleni, akashindwa. Mwaka 1889 alirudi na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller, na tarehe 6 Oktoba wakafika. Kilichobadilika kati ya safari hizo mbili, pamoja na mengine, ni kwamba safari ya pili aliweka kambi za kupokezana, na wapagazi wakawa wanampandishia chakula kutoka Marangu. Hivyo ndivyo sayansi ya Ulaya ilivyogundua kwamba mlima hupandika iwapo mtu mwingine ataleta chakula. Kwenye kambi yao ya juu, zaidi ya mita 4,000, alikaa nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, mtoto wa pwani aliyekuwa akiwatunzia hema na moto. Mtu aliyelelewa kwenye minazi na joto la bahari alilinda kambi kwenye baridi ya huko juu ili wengine wapate mahali pa kurudi. Kilele kikapewa jina la Kaisari Wilhelm, ambaye hakubeba kitu.

Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetambuliwa na wengi kuwa ndiye aliyewaonyesha njia wageni wale, alikuja kuenziwa ilipoadhimishwa miaka 100 ya safari hiyo, mwaka 1989. Ni bahati njema kwamba alikuwa na umri mrefu. Kwa kasi hiyo ya utambuzi, tunawashauri wagumu wenzetu wajitahidi sana wasife mapema.

Leo hali ni bora, lakini kumbukumbu bado zinaandikwa kwa utaratibu uleule. Kila kambi ina kitabu, na mgeni huandika jina, umri, kazi na nchi yake. Aliyefika Uhuru hushuka na cheti. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa hadi vibanda vya Horombo, mita 3,720, kwa hiyo mgeni anaweza kuwapasha habari ndugu zake kwamba ameushinda mlima huku aliyembebea godoro akiwa bado anatafuta mahali pakavu pa kulitua. Na ukweli usemwe, mgeni mwenyewe hana kosa. Ameambiwa aende pole pole, ameenda pole pole. Akifika kambini amekuta hema limesimama, maji ya moto kwenye karai, chai na bisi mezani. Hajui kwamba tulimpita saa nne asubuhi tukikimbia, ili kambi aliyoiacha nyuma asubuhi hiyo ifike mbele kabla yake. Akimaliza kula, hukaa kidogo kwenye hema la chakula kupiga hadithi, kwa kuwa usiku ni mzuri na nyota ni nyingi. Sisi huwa nje tukizitazama nyota hizohizo, tukisubiri hadithi iishe, kwa sababu kwenye misafara mingi hema hilo ndilo chumba chetu cha kulala. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakusema lolote kuhusu hadithi ya mwenzio.

Sasa tufike kwenye bahasha.

Mheshimiwa, tumekueleza kwamba mizigo huongezeka ikipanda. Haki inatulazimu tukueleze pia kwamba kuna kitu kimoja hupungua kikishuka. Siku ya mwisho, baada ya nyimbo na kucheza, wageni hutoa bakshishi kwa kundi zima. Bahasha hiyo hutolewa ikiwa na uzito wake kamili, wageni wakiwa na machozi ya kweli kabisa. Kisha huanza safari yake, kutoka mkono hadi mkono, kufuata ngazi ya vyeo, na kwa baadhi ya makampuni kila ngazi ina hewa nyembamba kuliko iliyotangulia. Ikimfikia mgumu, huwa nyepesi mno, hata upepo wa Moshi unaweza kuichukua. Yako makampuni ambayo huwasomea wageni na wagumu kiasi kilekile kwa sauti, mbele ya kila mtu, na kila mmoja akapokea chake mkononi. Tangu mwaka 2003 upo pia Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, unaotuazima nguo za baridi bila malipo na kufuatilia jinsi makampuni yanayoshirikiana nao yanavyotutendea. Kwa hiyo hatuombi muujiza. Linalowezekana kwa baadhi linawezekana kwa wote, ila wengine hawajapata mizani ya kuwatisha.

Usije ukatuelewa vibaya ukadhani tunauchukia mzigo. Mwaka 2019 serikali iliposema inachunguza uwezekano wa kuweka gari la kamba litakalopandisha wageni angani, sisi tulikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kwanza. Waliotusikia walishangaa: hawa si ndio wanaolia shingo zinauma? Ndio sisi. Shingo zinauma, na shingo hizohizo ndizo zinazolipa ada za shule Kibosho, Rombo na Machame, zinanunua sare na bati na kumpeleka mama hospitali. Kilo 20 ni ugali wetu. Hatutaki zichukuliwe na waya. Tunachotaka ni zibaki 20.

Kwa kuzingatia hayo, tunaleta mbele yako maombi yafuatayo:

1. Upande nasi. Uondoke getini asubuhi pamoja na msafara, upite kona ya kwanza ukiwa macho, na kila kambi uning'inizwe mahali pa wazi, kiongozi wa msafara akiwepo na wageni wakiona. Tunaamini wageni watapenda kukupiga picha.

2. Upime hema asubuhi, likiwa na umande wake.

3. Ulitambue dumu la maji kuwa ni mzigo, hata kama halikuzaliwa mbele yako.

4. Anayepimwa getini ndiye apande. Mwenye kupimwa na kurudishwa nyumbani alipwe ujira wake, kwa kuwa ameigiza vizuri.

5. Milo mitatu kwa siku ihesabiwe kuwa sehemu ya vifaa vya safari. Injini ya gari la kampuni haiombwi ipande kutoka Moshi hadi getini kwa kikombe kimoja cha uji.

6. Bahasha ifunguliwe mbele yako. Tunajua hukutengenezwa kupima karatasi, lakini wapo ambao wakikuona tu watakumbuka kuhesabu.

Tunafahamu kwamba ombi la kwanza litaleta ugumu wa utekelezaji. Wewe huna miguu. Ukipanda, lazima ubebwe, na atakayekubeba ni mmoja wetu. Tumelijadili suala hili kwa kina, usiku, nje ya hema la chakula, na mjadala ulikuwa mrefu kwa kuwa hadithi ya ndani nayo ilikuwa ndefu. Wengine walisema uhesabiwe ndani ya kilo 20 za mbebaji. Wengine walisema wewe ni kiongozi, na viongozi huwa hawahesabiwi. Mmoja alipendekeza ubebwe na yule wa choo, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu na mizigo yenye hadhi. Mwishowe tulikubaliana kwamba tutakubeba kwa zamu, bure, hadi Barafu, na ukipenda hadi Uhuru, ambako wengi wetu kazi haitufikishi, tukusimamishe chini ya ubao upigwe picha na upewe cheti.

Kuna sharti moja tu. Kabla hatujaja kukuchukua, tunaomba utujulishe kwa maandishi una kilo ngapi. Kampuni imeuliza kama unaweza kugawanywa kwa watu wawili, na mmoja wao ameshaambiwa arudi nyumbani.



Ndio sisi, watiifu hadi kona ya kwanza,

WAGUMU WA MLIMA KILIMANJARO

Nakala:
Ndugu Kibo: kwa taarifa.
Ndugu Mawenzi, ambaye alienda kuomba moto akarudishwa kwa mchi: aendelee kuvumilia, na sisi tuko kwenye foleni.
Makampuni yote: kwa utekelezaji, au kwa kufungia vitumbua.